Amana ya Profesa Armin

Mtu akikwambia kwamba amefiwa na mkewe na hasikii kitu, usikimbilie kumwita mnafiki. Ghanim bin Amur alikuwa hivyo. Miezi minne ilikuwa imepita tangu Ruqaya azikwe, na katika miezi hiyo hakulia hata mara moja, hakuacha kula, hakukosa usingizi. Aliamka, akaswali, akanywa chai yake ya maziwa, kisha akakaa kwenye kiti cha ukumbini, nyumbani kwake Mabela, Maskati, akitazama ukuta. Bintiye Shatha, ambaye anafanya kazi kwenye benki moja ya Ruwi, alirudi kila siku akamkuta pale pale alipomwacha. Akimuuliza hali, jibu lilikuwa moja.

"Sisikii kitu, mwanangu. Kama ile sindano ya daktari wa meno, ila mie nimepigwa mwili mzima."

Asubuhi moja ya Januari simu yake ilipokea ujumbe wa Kihungaria, lugha ambayo hakuwa ameisoma kwa miaka ishirini. Ilimbidi avae miwani na kuusoma kwa kuunga neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani. Mwandishi alijitaja kuwa Judit, mjukuu wa Profesa Armin Vadas. Alisema makumbusho ya mji wao yanaandaa maonyesho ya wachoraji waliosahauliwa, na babu yake hana picha hata moja ya kuonyesha, kwa sababu zote ziliungua vitani. Bila ya picha hawamwingizi. Ila mama yake, kabla hajafa, alimwambia kwamba moja ilibaki, akapewa mwanafunzi wa kutoka Unguja. "Je, ni wewe? Bado unayo? Orodha inafungwa mwisho wa mwezi."

Ghanim aliweka simu mapajani. Basi wamekuja kuiulizia, alijisemea. Alingoja moyo ushtuke, lakini haukushtuka.

Huyu Ghanim alizaliwa Malindi, Unguja, baba yake akiuza misumari na komeo. Utotoni alijaza madaftari ya hesabu kwa michoro ya nyumba, akapigwa kwa hilo, na baadaye akapelekwa masomoni Hungaria kwa hilo hilo. Alifika huko na koti la kuazima lililomfika magotini, akaingia chuo cha usanifu wa majengo, na mwalimu wa kwanza aliyekutana naye alikuwa mzee mfupi mwenye jino la dhahabu aliyefundisha kuchora madirisha. Madirisha tu, miaka miwili. Wanafunzi walimwita Profesa Dirisha na kuigiza mwendo wake kwenye korido.

Kumbe Profesa Dirisha alikuwa na mambo yake. Katika ujana wake alikuwa katika kundi la wachoraji waliowatia watu wazimu. Picha zake hazikuwa na uso wa mtu, wala mti, wala nyumba. Zilikuwa na vipande vyekundu, maduara meusi na mistari iliyolala upande. Siku ya maonyesho yake ya kwanza, mwanamke mmoja wa heshima zake aliitemea mate picha moja, na Armin akaipandisha bei. Alichora majumba pia, ya paa bapa na vioo vya ukuta mzima, na matatu kati ya hayo yakajengwa kweli. Kisha ikaja vita. Armin alikuwa Myahudi. Yeye alipelekwa kwenye vikosi vya kazi za sulubu, na mkewe na wanawe wawili wakapandishwa treni ambayo haikuwarudisha. Chumba chake cha kuchorea kikaungua pamoja na kazi ya miaka ishirini.

Alirudi kwa miguu. Baadaye alioa tena, muuguzi, akazaa binti, na serikali ikampa kazi ya kuchora fleti za wafanyakazi, zote sawasawa. Picha hakuchora tena. Ghanim, kwa ujinga wa kijana, aliwahi kumuuliza kwa nini.

"Mkono upo," alijibu mzee. "Aliyekuwa akiutuma hayupo."

Alilisema bila ya huzuni wala hasira, akarudi kwenye dirisha lake ubaoni. Ghanim wakati ule alidhani mzee anajitia ushujaa. Sasa, akiwa na miaka sabini na moja kwenye kiti chake cha Mabela, alijua kwamba mzee alikuwa anasema kweli tupu.

Picha moja ilisalimika kwa sababu ilikataliwa. Armin aliitengeneza kwa ajili ya ukuta wa bwalo la chakula la kiwanda cha mikate, ndefu mita tatu na upana wa mita moja na kidogo, na mwenye kiwanda alipoiona akasema wafanyakazi wake watapata kichefuchefu. Ikaviringishwa, ikakaa chini ya kitanda cha dada yake Armin kijijini vita vyote. Siku Ghanim alipomaliza masomo, Armin alimwita kwake, akamkabidhi lile gombo.

"Binti yangu anataka kuitupa," alisema. "Ichukue. Si zawadi, usije ukaniletea shukrani. Itunze mpaka waje kuiulizia."

"Nani?"

"Wenyewe."

Msimu wa baridi uliofuata mzee akafa.

Ghanim hakurudi Unguja. Ami zake walikuwa wamekwisha hamia Maskati, nchi ilikuwa inajengwa, na mtu mwenye cheti cha usanifu alipokelewa kwa mikono miwili. Aliajiriwa wizarani, akamwoa Ruqaya, binti wa Kizanzibari aliyekulia Ruwi, wakaanza maisha kwenye fleti ya vyumba viwili. Ruqaya alipolifungua lile gombo juu ya kitanda, alilitazama kwa muda mrefu.

"Nini hii, Ghanim?"

"Amana ya mwalimu wangu."

"Michoro ya wazimu," alisema. Kisha akatafuta shuka safi ya kuiviringishia ndani yake, kwa sababu amana ni amana. Na wifi mmoja alipokunja uso kusikia kwamba mwalimu mwenyewe ni Myahudi, Ruqaya alimwambia, "Dini yake atajibu yeye kwa Mola wake. Mie nitaulizwa kitu chake kiko wapi."

Tangu hapo, kila mwaka joto likipungua, Ruqaya aliitoa, akaipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, akaipunga hewa, akabadilisha shuka. Miaka ya mwanzo Ghanim alikuwa akisimama naye na kumweleza huu wekundu una maana gani. Baadaye akawa hatoki kitini. Ruqaya humwita, "Njoo uitazame picha yako," naye hujibu, "Naijua."

Miaka thelathini na tano alichora shule na vituo vya afya. Zilikuwa nzuri, imara, na zilifanana. Maskati ina sheria zake za rangi, nyeupe na za jamii ya mchanga, na Ghanim hakuwa mtu wa kugombana na manispaa. Mara moja tu alijaribu. Alichora bwalo la chakula la kiwanda kimoja kule Rusayl, na ndani, ambako manispaa haitazami, alipaka ukuta mmoja mwekundu na mweusi kwa mshazari. Aliporudi wiki ya pili akaukuta umepakwa rangi ya maziwa. Msimamizi alimwambia kwa adabu kwamba walidhani mafundi wamekosea. Ghanim alisema haidhuru, akaweka sahihi, akarudi nyumbani kula.

Basi asubuhi ile ya ujumbe aliinuka, akachukua ufunguo wa stoo, mahali ambapo hakukanyaga tangu msiba. Humo Ruqaya aliweka vyombo vyake vya shughuli: masufuria ya kupikia watu mia, masinia yenye alama ya rangi ya kucha chini yake ili yasipotee, na sufra, vile vitambaa vizito vya plastiki vinavyotandikwa sakafuni watu wakala juu yake. Kanga zake zilikuwa kwenye kabati la bati, bado zinanukia udi. Ghanim alipitisha mkono juu ya kanga, akaona kwamba hasikii kitu, akaendelea kutafuta.

Lile bomba la kijivu la mafundi bomba, ambamo picha ilikuwa ikikaa, lilikuwepo. Ndani yake kulikuwa na shuka peke yake.

Shatha aliporudi, walitafuta pamoja mpaka uvunguni mwa vitanda. Mwishowe Shatha akauliza kwenye kundi la simu la ukoo kama kuna aliyeona kitambaa kirefu chenye michoro mikubwa, nyekundu, nyeusi na njano. Haukupita muda, binamu yake Khalil akajibu kwa picha. Ilikuwa ya siku ya pili ya msiba, kwenye ukumbi wa msikiti walipokaa wanaume kupokea rambirambi. Khalil aliipiga ili jamaa wa Unguja waone jinsi watu walivyojaa. Chini aliandika, "Ami Ghanim, siyo hii?"

Wanaume kumi na wawili walikuwa wamekaa chini, kanzu nyeupe, mikono kwenye wali. Katikati alikuwa Ghanim mwenyewe. Na chini ya masinia, kutoka mwanzo wa picha mpaka mwisho, nyekundu, nyeusi na njano.

Anayejua misiba yetu ataelewa ilivyokuwa. Nyumba ikifiwa, mwenyewe hana amri tena. Majirani huchukua funguo, hutoa kila kilichomo, hupika, hutandika, huosha, na vyombo huhama nyumba hadi nyumba kwa wiki kadhaa kabla havijarudi. Hakuna anayeuliza ruhusa, na ukiuliza utaonekana mgeni.

Ghanim aliikuza ile picha kwa vidole viwili. Siku tatu alikula pale, na siku zote tatu alikuwa ameinamisha kichwa. Watu waliambizana, maskini, hawezi hata kuinua macho. Macho yake yalikuwa yanatazama picha ya mwalimu wake, ambayo alikabidhiwa aitunze, na hakuiona. Alijaribu kuona aibu, lakini hata aibu haikuja.

"Anayeweka vyombo vya mtaa ni Bi Mahbuba," alisema Shatha. "Nenda kesho, Baba, baada ya sala ya Ijumaa. Hawezi kukosa kujua."

Mahbuba alikuwa shoga wa Ruqaya, nyumba ya mtaa wa pili, mwanamke ambaye hakuna harusi wala hitima ya Mabela iliyofanyika bila ya mwiko wake. Ghanim alifika kwake saa ya chakula, jambo ambalo kwa mstaarabu ni kosa, lakini hakulifikiria. Mlango ulikuwa wazi. Mumewe Awadh alikuwa amekaa chini na wanawe wawili wakubwa, sinia la wali mbele yao, samaki, achari ya ndimu, bakuli la mchuzi. Chini ya vyote hivyo, ikiwa imekunjwa mara mbili ili ienee ukumbini, ilikuwa amana ya Profesa Armin.

"Shemeji!" aliita Mahbuba kutoka mlango wa jikoni. "Karibu, karibu! Umekuja na wakati wake."

"Kaa, bwana," alisema Awadh, akisogea. "Jodari huyu katoka majini leo."

Sasa mtu afanye nini? Hakuna mtu wa pwani aliyelelewa na mama yake anayeweza kuvuta sufra chini ya watu wanaokula. Ghanim alivua viatu, akanawa, akakaa, akala. Ila safari hii alikuwa akitazama. Kule pembeni kulikuwa na mstatili mwekundu uliopanda kwa mshazari. Duara jeusi lilifichwa nusu na bakuli la achari. Mahali fulani sinia la moto lilikuwa limeacha alama nyeupe, na manjano ya mchuzi yalikuwa yamekaa juu ya njano ya mchoraji, huwezi kujua wapi moja inaanzia. Alitafuna taratibu, akaomba radhi kimoyomoyo kila alipoangusha punje.

Walipomaliza, Mahbuba akatoka na ndoo ya maji ya sabuni.

"Usiioshe!"

Sauti ilimtoka Ghanim kubwa kuliko alivyotaka. Awadh aligeuka.

"Mbona nnaiosha kila siku, shemeji?" alisema Mahbuba. "Haichuji. Sufra nzuri wallahi, siku hizi hazipo kama hizi."

"Siyo sufra, Mahbuba. Ni picha. Kaichora mwalimu wangu, na wenyewe wanaitaka."

Mahbuba alianza kucheka, akamwona uso, akanyamaza. "Picha?" alisema. "Picha yenye pindo?"

Alichutama, akainua ukingo, akamwonyesha. Kuzunguka picha nzima, pande zote nne, kulikuwa na mkanda mweupe wa pamba, umeshonwa kwa mkono, mwembamba kama upana wa kucha. Ghanim hakuwahi kuuona maishani mwake.

"Kashona Ruqaya mwaka juzi," alisema Mahbuba. "Kanambia, nnashona pindo la kitu cha Ghanim, kinachanika ukingoni, mwenyewe hana habari. Mie nikajua sufra. Siku ya msiba tunatoa vyombo, naona kitu kina pindo la Ruqaya, nikasema ndiyo ile." Akaziba mdomo kwa kiganja. "Ya rabbi, na mie nimeimwagia mchuzi mara ngapi!" Akaanza kulia, yeye ambaye alizika watu wengi bila kutetereka.

"Hukujua," Ghanim alimwambia. Alimwangalia akilia kwa namna ya mtu anayeangalia mvua ya mji mwingine. Kisha akaiviringisha picha, akaichukua begani.

Jioni ile alimwonyesha Judit kwa simu, Shatha akiishika ncha moja. Judit alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mvi fupi, na alipoiona alisogeza uso karibu na simu. Ghanim hakumficha kitu. Kwa Kihungaria chake kilichoota kutu, alimsimulia kuhusu msiba, wali, na ndoo ya sabuni. Judit alijifuta macho.

"Babu angefurahi," alisema. "Si watu wamekula juu yake? Ndivyo walivyotaka vijana wale wa kundi lake, sanaa iingie jikoni."

"Asingefurahi hata kidogo," alisema Ghanim. "Mie niliwahi kuigusa kwa kidole akanifukuza nyumbani kwake. Angenitukana mpaka jino lile litoke."

Judit alicheka kicheko cha mtu aliyemkumbuka babu yake mwenyewe, si yule wa maonyesho. Alisema mafuta na manjano mafundi wa makumbusho watayaweza. Picha itaingia, jina la babu litaandikwa. Jambo moja tu.

"Ule mkanda. Si wa babu. Wataukata ikifika."

"Si wake," alikubali Ghanim. "Lakini wasiukate. Mie nilipewa haina mkanda, nitairudisha haina mkanda. Nitaufumua mwenyewe."

Judit alisema ingekuwa bora waachiwe wataalamu. Ghanim akamjibu kwamba mkono wake umeshika kalamu ya ramani miaka thelathini na tano na hautetemeki. Alilisema kwa sauti ile ile anayoagizia chai.

Asubuhi alitandaza shuka kwenye meza ya chakula, akaiweka picha juu yake, akavuta kiti kwenye mwanga wa dirisha, akachukua wembe na kibano cha nyusi cha Shatha. Alianzia pembe ya mwekundu. Ruqaya hakutumia cherehani. Alishona kwa sindano nyembamba, mshono wa kurudi nyuma, midogo midogo, na kila mshono ulipita katikati ya nyuzi za kitambaa bila kutoboa rangi. Ghanim alikata mmoja, akavuta. Wa pili, akavuta. Kazi ilikwenda vizuri. Aliwaza kwamba ataimaliza kwa siku mbili.

Alipofika mahali wekundu unapoishia na weusi kuanza, wembe haukuona uzi. Alisogeza miwani. Uzi ulikuwa umebadilika. Kwenye wekundu Ruqaya alishonea uzi mwekundu, na pale pale rangi ilipogeuka alifunga fundo, akaanza na mweusi, ili mshono usionekane juu ya picha. Ghanim alipinda mgongo, akafuata ukingo kwa kidole, mweusi, mwekundu tena, kisha njano. Na ile njano ilikuwa na nyuzi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kiini cha yai. Kiganja kimoja mbele lilikuwepo fundo, na uzi uliofuata ulikuwa na ukijani kidogo, kama ndimu inayoanza kuiva.

Alidhani uzi ulimwishia, akachukua wowote. Kisha akaitazama picha yenyewe. Njano zilikuwa mbili. Zimekaa ubavu kwa ubavu, na mpaka wake ni mstari usiozidi unywele. Yeye, mwanafunzi bora wa Profesa Dirisha, alikuwa na picha ile miaka arubaini na tano na hakuwahi kuziona. Ruqaya aliyeiita ya wazimu alikuwa ameziona zote mbili, akatoka na jua akapanda basi mpaka Ruwi, akasimama mbele ya maboksi ya nyuzi ya Mhindi, akazichagua kwa kukumbuka tu. Labda alikwenda mara mbili. Labda alirudi nyumbani akamwita, njoo uitazame picha yako.

Hapo ikamuuma kifuani kweli kweli, mpaka akaweka wembe chini na kushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Ghanim alilia. Alilia kwa sauti, mzee mzima, peke yake ukumbini, akimwita mkewe kwa jina, na hakuona haya.

Shatha alimkuta hivyo alasiri, macho yamevimba, nyuzi fupi za rangi zimejaa kwenye kisahani mbele yake, pande mbili zimekwisha fumuliwa na pande mbili bado. Alisimama mlangoni na mkoba wake begani.

"Baba, wacha basi. Mwambie Judit waichukue na pindo lake. Au wachelewe. Watakufanya nini?"

"Wenyewe wamekuja, mwanangu," alisema Ghanim. "Mama yako asingenielewa."

"Basi nipe mie nifumue upande huu."

"Hapana. Kaa hapa karibu yangu tu."

Shatha alivuta kiti, akakaa. Ghanim alitafuta mshono uliofuata kwa ncha ya wembe, wa ile njano ya pili. Macho yalikuwa yamejaa machozi tena na mshono hauonekani, akasubiri yapungue, kisha akaukata.